Kaunta inapogoma: kujisajili kwenye hoteli za Disney na kwenye meli ya Port Canaveral

Mpango wenyewe unajulikana. Siku tatu nne kwenye hoteli za Walt Disney World karibu na Orlando, kisha mwendo wa saa moja na ushee hadi bandari ya Port Canaveral, mpande meli ya Disney kuelekea Bahamas. Ukiitazama kwenye simu unaiona likizo moja. Kaunta ni mbili, na hazitafuti kitu kimoja. Mhudumu wa hoteli anataka kujua bili italipwa na nani. Yule wa bandarini anataka kujua kama kila aliyesimama mbele yake anaruhusiwa kutoka Marekani na kurudi, maana meli inavuka mpaka hata kama nyote mmevaa kaptula na masikio ya Mickey. Familia nyingi zinazokwama zilijiandaa kupanda meli kama watu wanaokwenda hotelini.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, ruka zisizokuhusu. Sehemu ya karatasi za uhamiaji na ile ya watoto zisome hata kama hakuna kilichoharibika bado, kwa sababu hizo hazitengenezeki mkiwa kwenye foleni.

Programu ya simu haiioni bukingi yenu

Angalia kwanza unatumia namba gani. Ukinunua kupitia wakala au tovuti ya kuuza safari, namba ya kwanza unayopewa huwa ni ya wakala huyo, na Disney hawaitambui. Mwombe namba ya uthibitisho ya hoteli yenyewe, na nyingine ya meli yenyewe. Hoteli inashughulikiwa kwenye programu ya My Disney Experience. Meli ina yake, Disney Cruise Line Navigator. Namba ya meli ukiiingiza kwenye programu ya hoteli utaambiwa haipo, nawe utadhani umetapeliwa.

Namba ikiwa sahihi na bado inakataa, kosa karibu kila mara liko kwenye jina la ukoo la aliyeweka nafasi. Jaribu kuliandika kama lilivyo kwenye barua pepe ya uthibitisho, hata kama limekosewa. Ukishaingia ndipo urekebishe.

Mfumo unasema jina au tarehe hailingani na pasipoti

Hapa watu wa kwetu tuna mzigo wetu. Fomu za Marekani zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Mtu aliyezoea kujiandika jina lake, la baba na la babu huamua papo hapo lipi liende wapi, na kila mwanafamilia huamua tofauti. Mama anaweka jina la babu kama la ukoo, mtoto anawekewa la baba, bibi anaandikwa yote matatu kwenye kisanduku kimoja.

Acha kukisia. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti na utazame mistari miwili ya chini kabisa, ile iliyojaa alama za <. Wa juu unaanza na herufi P, unafuata msimbo wa nchi (KEN, TZA, UGA, COD, na kadhalika), halafu jina. Kilichotangulia alama mbili zilizoungana, <<, ndilo jina la ukoo mbele ya mashine, hata kama hakuna mtu nyumbani anayekuita hivyo. Yanayofuata ni majina ya kwanza. Andika hivyo hivyo kwenye bukingi ya meli, ya hoteli na ya ndege. Herufi moja iliyopotea hurekebishwa kwa simu moja. Jina zima likibadilika, kampuni inaweza kudhani mnataka kumpa mtu mwingine nafasi, kwa hiyo piga mapema.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego. Wamarekani hutanguliza mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 4 Septemba ukimwandika 04/09 amekuwa wa Aprili, na mfumo haulalamiki, kwa sababu tarehe zote mbili zipo. Hitilafu inaonekana pale pasipoti inaposomwa na mashine. Tarehe kama 23/09 ndiyo nafuu: mfumo unaikataa hapo hapo.

Picha ya pasipoti ikikataliwa, sababu ni mng'ao wa taa kwenye plastiki, au ile mistari miwili ya chini imekatwa. Weka pasipoti mezani karibu na dirisha mchana, zima flashi, na kona zote nne zionekane.

Mmechelewa kujisajili, saa nzuri zimeisha

Meli haiwapokei abiria wote kwa mkupuo. Kila familia huchagua saa ya kufika bandarini wakati wa kujisajili mtandaoni, na wanaowahi ndio wanaopata saa za asubuhi. Kwa wanaosafiri na Disney mara ya kwanza dirisha hufunguka siku 30 kabla ya safari; waliokwisha kusafiri nao hupewa siku chache za ziada kulingana na daraja lao. Ikiwa siku 30 zimefika na kitufe kimekufa, angalia salio. Safari isiyolipwa yote haijisajili.

Mkipata saa ya mchana msihangaike sana. Mtakosa chakula cha kwanza na foleni fupi za bwawa, chumba chenu kitabaki kile kile. Kosa kubwa ni kujitokeza saa mbili kabla ya muda wenu mkidhani mtahurumiwa kwa sababu mna watoto. Nyuma yenu kila mtu ana watoto.

Kadi inakataliwa, au pesa benki zimepungua bila ununuzi

Hoteli ikisajili kadi, hushikilia kiasi fulani kama dhamana ya matumizi yenu, na meli nayo hufungua akaunti ya kila chumba kwa mtindo huo huo. Kwa kadi ya mkopo hamhisi kitu. Kwa kadi ya benki ya kawaida, pesa halisi zinafungiwa, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya kuondoka. Ndiyo maana baba aliyekuwa na dola za kutosha Jumatatu anakataliwa kwenye pampu ya mafuta Alhamisi. Pesa hazijaibwa, zimeshikwa mara mbili: hotelini na melini. Ukiwa na kadi moja tu ya aina hiyo, ongeza akiba kabla ya safari, au lipia melini kwa fedha taslimu.

Ndugu wanaotoka nyumbani na kadi za benki za Nairobi au Dar es Salaam wana shida nyingine. Benki inatuma namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyosajiliwa, na laini hiyo haina mtandao Florida kwa sababu huduma ya nje ya nchi haikuwashwa. Malipo yanakufa yakisubiri ujumbe ambao hautafika. Dawa inapatikana kabla ya kupanda ndege: washa matumizi ya kimataifa ya kadi, washa huduma ya nje ya laini, na umwambie mtu wa benki tarehe za safari. Kadi ya mtandaoni isiyo na plastiki nayo usiitegemee peke yake. Mhudumu akitaka kuichomeka kwenye mashine, hamna cha kumpa.

Laini hiyo hiyo iliyozimwa husababisha dalili inayofuata.

Chumba cha hoteli "hakiko tayari" mpaka jioni

Vyumba vya hoteli za Walt Disney World hutolewa kuanzia saa tisa alasiri, na zile nyumba za Disney Vacation Club, mpango wa Disney wa kumiliki likizo kwa hisa, kuanzia saa kumi. Mkifika saa nne asubuhi hakuna kilichoharibika. Acheni mabegi kwa wahudumu wa mizigo, ingieni bwawani au kwenye viwanja vya michezo, mnaruhusiwa.

Saa kumi na moja ikipita bila taarifa, uliza kaunta. Mara nyingi chumba kilishatoka zamani na namba yake ilitumwa kwenye simu ambayo haipokei ujumbe. Na simu ikigoma kufungua mlango, washa Bluetooth kabla ya kurudi mapokezi. Zile bangili za MagicBand za kufungulia mlango zilizokuwa zikitumwa bure kwa wageni hazitolewi bure tena, kwa hiyo shangazi aliyekwenda zamani akikuambia usubiri kifurushi, mshukuru na usisubiri.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na hakuna anayeuliza. Mkiwa bandarini mtaulizwa, na jibu la "ni wetu" halitoshi. Kaunta inamjua mzazi aliye kwenye cheti cha kuzaliwa na mlezi aliyetambuliwa na mahakama. Mama mdogo, mjomba, bibi mzaa mama na dada mkubwa wote kwao ni watu wazima wengine tu.

Disney ina fomu yake ya idhini kwa mtoto anayesafiri bila mzazi, isainiwe na mzazi kabla ya safari. Kampuni nyingine za meli huomba barua iliyothibitishwa na notari. Mimi ningechukua vyote viwili hata kwa Disney, kwa sababu maofisa wa forodha na mipaka wa Marekani, CBP, nao hushauri barua iliyothibitishwa kwa mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili. Barua iseme mtoto ni nani, anasafiri na nani, tarehe gani, anakwenda wapi, na iwape hao anaosafiri nao ruhusa ya kuidhinisha atibiwe akiugua. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na ndicho daktari wa meli atakachokiulizia.

Mama anayesafiri peke yake na wanawe wenye jina la baba yao yuko kwenye hali hiyo hiyo kwa nusu. Wanawake wengi wa pwani hawabadili jina wakiolewa, kwa hiyo pasipoti ya mama na ya mtoto hazina hata neno moja linalofanana. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hata kama ana pasipoti, na barua ya baba. Baba akiwa amefariki, beba nakala ya cheti cha kifo. Ni jambo zito kulitoa mkobani siku ya furaha, lakini ni bora kuliko kulieleza kwa mdomo mbele ya watoto.

Jambo jingine: chumba cha melini chenye watoto wa miaka 17 kushuka chini lazima kiwe na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Yule kaka wa chuo mwenye miaka 19 mliyepanga awasimamie wadogo zake chumba cha pili hatakubaliwa, na kaunta siyo mahali pa kupanga upya vyumba. Wagaweni wakubwa tangu siku ya kuweka nafasi.

Karatasi zinakataliwa bandarini

Raia wa Marekani ana nafuu kubwa. Safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani inamruhusu mtu mzima kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto chini ya miaka 16 kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Cheti kiwe cha jimbo. Kile cha hospitali chenye alama za nyayo za mtoto ni kumbukumbu nzuri ya ukutani na hakina kazi hapa. Aliyezaliwa Mombasa au Bukavu na kuapishwa kuwa raia, cheti chake cha kuzaliwa kinathibitisha alikozaliwa, hakithibitishi uraia. Atahitaji cheti halisi cha uraia au pasipoti. Hata hivyo nasisitiza pasipoti ya kitabu kwa kila mtu. Mmoja akilazwa hospitali Nassau, mji mkuu wa Bahamas, au akiachwa na meli, atarudi kwa ndege, na cheti cha kuzaliwa hakipandishi mtu ndege ya kimataifa. Ile pasipoti ya kadi nayo haikubaliwi kwenye ndege hizo.

Mwenye grinkadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, abebe kadi yenyewe, ambayo muda wake haujaisha, pamoja na pasipoti ya nchi yake. Picha ya kadi kwenye simu haihesabiki.

Sasa wale ambao hawaulizi mapema kwa sababu wanaona ni matembezi ya siku nne tu. Mkongo au Mrundi aliyeletwa kama mkimbizi, ambaye hana pasipoti ya kwao, anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi kutoka USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, inayoombwa kwa fomu I-131 na kudumu mwaka mmoja. Maombi huchukua miezi, kwa hiyo yaanze kabla hamjalipa meli. Na muulizeni wakala kama visiwa vilivyo kwenye ratiba vinaipokea hati hiyo, maana huo ni uamuzi wa nchi nyingine.

Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa asipande meli hii mpaka azungumze na mwanasheria wake. Kutoka nchini bila kibali cha awali cha kurudi huchukuliwa kwamba ameiacha kesi, na kufika Bahamas ni kutoka nchini. Kibali cha kazi hakimrudishi mtu. Nalisema kwa ukali kwa sababu kaunta ya meli haikuwekwa pale kulinda kesi yako. Mhudumu anaweza kukosa kuligundua, ukapanda, na ukajua Jumapili unaporudi.

Wanafunzi wenye viza ya F-1 wahakikishe fomu yao ya I-20 ina saini ya kusafiria ya chuo isiyozidi mwaka mmoja, na viza yenyewe iwe hai.

Kisha bibi, aliyekuja kuwatembelea kwa viza ya utalii. Tazama kwenye viza yake neno Entries. Ikiandikwa M, anaweza kuingia mara nyingi. Ikiandikwa 1, aliitumia siku aliposhuka uwanja wa ndege, na hana njia ya kurudi kutoka Bahamas. Meli haitamchukua, na itakuwa sahihi kumkataa. Viza ya M nayo isomwe tarehe ya mwisho: muda wa kukaa alioandikiwa kwenye I-94, yaani kumbukumbu ya kuingia kwake Marekani, ni kitu kimoja, uhai wa viza ni kingine, na anayerudi melini anahitaji viza iliyo hai siku hiyo ya kurudi. Baada ya hapo ndipo muulize kama pasipoti yake inahitaji viza ya Bahamas au ya kisiwa kingine chochote mtakachotia nanga. Ulizeni kampuni ya meli kwa maandishi, mkitaja uraia wake na ratiba yenu kamili. Majibu ya makundi ya WhatsApp kwenye suala hili hayana thamani, hata yakiandikwa na mtu aliyesafiri mwezi jana, kwa sababu masharti ya viza hubadilika katikati ya mwaka.

Mjamzito au mtoto mchanga anazuiwa

Mjamzito atakayefika wiki ya 24 wakati wowote wa safari hapandi, hata akiwa na afya ya farasi. Hesabu mpaka siku ya kushuka, na abebe barua ya daktari yenye tarehe anayotarajiwa kujifungua. Mtoto mchanga anahitaji kuwa na miezi 6 kwa safari nyingi, na mwaka mmoja kwa baadhi ya zile ndefu. Hakuna mazungumzo kwenye hili.

Mmekwama kati ya hoteli na bandari

Hoteli inataka mtoke vyumbani saa tano asubuhi, na saa yenu ya bandarini inaweza kuwa hiyo hiyo. Barabara ya SR 528 kutoka Orlando kwenda pwani ni ya kulipia, na siku za kurusha roketi kutoka Cape Canaveral hujaa watazamaji, kwa hiyo tazama ratiba ya roketi kama unavyotazama hali ya hewa. Usafiri wa bure wa Magical Express kutoka uwanja wa ndege kwenda hotelini ulikoma mwanzoni mwa 2022, na haukuwa wa kwenda bandarini. Basi la Disney la kuwapeleka melini lipo, linanunuliwa kabla. Asubuhi yenyewe hulikuti likiwasubiri.

Ukiendesha mwenyewe, usiweke "Port Canaveral" kwenye ramani. Bandari ina majengo kadhaa ya abiria na meli za kampuni mbalimbali huondoka siku moja. Weka anwani ya jengo lililo kwenye hati yenu ya kupandia.

Kabla gari halijawashwa, mtu mmoja arudi chumbani afungue sefu. Pasipoti husahaulika humo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo mliziweka zisipotee. Mkigundua mkiwa njiani, mmoja ageuke na wengine waendelee. Mlango wa kujisajili hufungwa mapema kuliko saa ya kung'oa nanga, kwa kuwa orodha ya abiria lazima ifike kwa maofisa wa mipaka kabla ya meli kuondoka. Meli ikishaondoka, kuifuata Nassau kunahitaji pasipoti ya kitabu na idhini ya kampuni, na gharama ni yenu.

Mko chumbani, begi halijafika

Mabegi mnayowapa wachukuzi bandarini huletwa chumbani alasiri, wakati mwingine karibu na jioni. Kwa hiyo dawa, pasipoti, nguo za kuogelea na nepi zibaki kwenye mkoba wa mkononi. Na kila begi liwe na lebo yenye namba ya chumba.

Kama mabegi mengine yote yamefika na moja halijafika, ukaguzi umeona kitu. Kwa familia za kwetu watuhumiwa ni walewale: pasi, birika la umeme, ekstensheni, na chetezo pamoja na udi wake. Kitu chochote cha kuwasha moto au kutoa joto melini ni marufuku, udi na mishumaa ikiwemo. Chakula kilichopikwa nyumbani nacho hakipiti. Maandazi ya mama mkwe yaliwe kwenye maegesho. Biskuti za dukani ambazo hazijafunguliwa hazina neno, na mahitaji ya halali au mzio yaandikisheni na kampuni wiki kadhaa kabla.

Nenda kaunta ya Guest Services, taja namba ya chumba, na uwe tayari kulifungua begi mbele yao. Kitu kilichozuiwa mtaandikiwa stakabadhi, na kwa kawaida hurudishwa asubuhi ya kushuka.